Siku ya Nyama, Siku ya Maziwa

Woga ulimwamkia Nasieku kabla ya adhana ya alfajiri, na mpaka saa saba mchana ulikuwa bado umemkalia kifuani, hauagi. Na angeachaje kuogopa, jamani? Baba yake mzazi, Mzee Lekoko wa Kakesio, alikuwa ameketi sebuleni kwa Bi Hasna, hapa Karatu mjini, juu ya kochi lenye vitambaa vyeupe vya kufuma. Shuka jekundu begani, fimbo imelala magotini, macho hayapepesi. Amekuja kumtazama kijana anayetaka kumwoa binti yake. Na amekuja peke yake, maana wazee wenzake walikataa katakata kusikia habari ya mkwe Mswahili, muuza nyama, asiye na hata ndama mmoja wa kumpigia mluzi.

"Nitamwona kwa macho yangu," ndivyo alivyowaambia. "Nikikubali, mtanifuata. Nikikataa, yamekwisha."

Nasieku alimjua baba yake. Mzee Lekoko akisema hapana, hakuna wa kuing'oa.

Kijana mwenyewe, Luqman, mtoto wa pekee wa Bi Hasna, alikuwa uani akichoma mbavu za mbuzi. Kila Nasieku alipopita dirishani alimwona kupitia moshi, shati jeupe limekunjwa mpaka viwikoni, na kila mara Luqman aliinua macho kabla hajaitwa. Macho yale! Ndiyo yaliyomponza tangu siku ya kwanza, alipoingia buchani kwake akitokea chuo Morogoro, mkononi ameshika kitu chembamba kinachong'aa.

"Funga nyama yako na hii," alimwambia siku ile.

"Halafu mteja akifika nyumbani aivue?"

"Haivuliwi. Inaliwa."

Luqman alicheka mpaka akaegemea mizani. Kisha akakata kipande, akakitia mdomoni, akatafuna polepole huku akimtazama. "Dada," akasema, "kama hii ni sumu, basi nimekufa huku namwona mrembo."

Huo ulikuwa utando wa Nasieku. Aliupika kwa wanga wa muhogo, akatia matone ya mafuta ya leleshwa, kile kichaka ambacho vijana wa kwao hujipaka majani yake kwapani ili wanukie. Akaumwaga kwenye trei, ukakauka, akaubandua kama karatasi. Nyama iliyofungwa humo haikuwahi kuharibika, hata umeme ukatike mchana kutwa, kwa maana yale mafuta hayapatani na vijidudu. Lodge za kule juu Ngorongoro zikaanza kuuliza. Watu wa sokoni wakaubatiza jina, nailoni ya Nasieku. Luqman akampa chumba cha nyuma ya bucha aupikie humo, na katika chumba kile, kati ya trei na chupa za mafuta, wawili hawa wakapendana mpaka ikawa hakuna siri tena mtaani.

"Mwanangu," Bi Hasna alinong'ona jikoni, akipakua wali, "roho inaniuma mimi. Mgeni mzito kama huyu nimempa chai ya rangi, utafikiri fundi aliyekuja kuziba bomba! Na maziwa yamejaa sufuria."

"Baba hapendi maziwa, mama."

Uongo ukamtoka laini, wala hakupepesa. Ukweli ni kwamba kwa Mzee Lekoko nyama na maziwa havikutani tumboni siku moja. Siku ya nyama ni ya nyama, siku ya maziwa ni ya maziwa. Anayevichanganya anawarudishia ng'ombe madhara: viwele vinavimba, maziwa yanatoka na damu. Vijana wa siku hizi hawajali, wanakula chipsi mishikaki na kushushia na mtindi, lakini Mzee Lekoko hakuwa kijana wa siku hizi. Nasieku alikuwa mdogo alipolamba mtindi siku waliyochinja kondoo, na mtamba mmoja akaugua wiki ile ile. Baba yake hakumpiga. Alimnyamazia tu, mpaka mvua zikanyesha. Kunyamaziwa kule Nasieku alikukumbuka mpaka leo, na angeona heri fimbo.

Kwa nini basi asiseme? Aibu! Siku moja Bi Hasna aliwahi kucheka, tena bila ubaya, akasema, "Nyinyi wenzetu nanyi mna mambo." Basi, tangu hapo kila la kwao Nasieku alilimeza. Katika nyumba hii ya vitambaa vya kufuma hakutaka kuonekana binti wa kuja. Hata Luqman naye hakuambiwa.

Luqman akaingia na sinia, mvuke unapanda, mafuta yanachuruzika pembeni. "Haya, mbuzi wa baba mkwe huyo!" akasema kwa sauti ya chini, akamkonyeza. Mama yake akamfinya begani kwa utani, akamwambia arudi kuzima moto.

Nasieku akainama kulipokea sinia. Na pale pale akasita.

Karafuu.

Nyama ilinukia karafuu.

"Mama," akauliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali, "umetia viungo kwenye hii nyama?"

"Viungo kwenye nyama choma? Wewe unanionaje? Chumvi tu, kama ulivyosema anavyopenda." Bi Hasna akalitwaa sinia mikononi mwake. "Hebu lete, mgeni ana njaa. Wewe beba maji ya kunawa."

"Nakuja, mama. Nakuja sasa hivi."

Akatoka uani mbio, kanga inamfungukia. Luqman alikuwa akimwagia makaa maji.

"Luqman, nyama uliifunga na utando gani?"

"Ule wako."

"Upi wangu? Wa rafu ya chini au ya juu?"

Luqman akafikiri. Nasieku alimwona akifikiri, akatamani kumtikisa. "Umeme ulikatika jana, si unakumbuka? Wa chini nikakuta umeisha. Nikachukua wa juu. Kwani una nini? Utando ni utando, mpenzi. Tofauti harufu tu."

"Wa juu ni wa kufungia jibini, ule niliotia karafuu!"

"Najua ni wa jibini. Nyama haijaharibika, nimeionja mwenyewe, tamu."

"Luqman, ule si wa muhogo. Ule nimeupika kwa maziwa. Yale maji yanayobaki jibini ikishaganda, ndani yake mna nguvu ya maziwa, ndiyo inayoushikilia utando. Ni maziwa, unanisikia? Umemfungia baba yangu nyama kwa maziwa!"

"Sasa?"

Ndipo akamwambia. Alimwambia yote kwa pumzi moja, siku ya nyama na siku ya maziwa, mtamba aliyeugua, na baba aliyenyamaza mpaka mvua. Luqman alisikiliza, na rangi ikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Kwa nini hukuniambia, Nasieku? Miaka miwili!"

"Niliogopa mtanicheka."

"Mimi nikucheke wewe?"

Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya Bi Hasna akimkaribisha mzee, "Karibu mzee wangu, bismillah, jisikie nyumbani." Kisha sauti nzito ya Mzee Lekoko ikajibu jambo ambalo hawakulisikia vizuri.

Luqman akamshika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vya moto, vina majivu. "Sikiliza. Utando umeyeyukia motoni, hauonekani. Hakuna anayejua ila mimi na wewe. Akila, ameshakula. Hatajua."

"Mimi nitajua."

"Nasieku, ukiingia kumwambia atainuka pale, atachukua fimbo yake na ataondoka. Na akiondoka sikupati. Wazee wenzake wanasubiri neno hilo tu. Nakuomba, mpenzi. Nimeapa nitakuoa wewe au sioi. Nyamaza leo tu."

Moyo wa Nasieku ulivutwa huku na huku. Alimtazama mwanamume huyu aliyempenda kuliko usingizi, akaona jinsi naye alivyoogopa, na nusura akubali. Kweli, nusura. Ilikuwa rahisi mno. Kusimama tu hapa uani, kwenye moshi, asitamke kitu.

"Ng'ombe mmoja akiugua baada ya leo," akasema polepole, "mmoja tu, hata kwa kupe, nitajua nimemwua mimi. Na kila nikikutazama wewe nitamwona. Utaweza kuishi na mke wa hivyo?"

Luqman akaachia mikono yake.

Mara sauti ya mzee ikapaa kutoka ndani. "Yuko wapi huyo kijana? Mwite! Mtu hali nyama peke yake."

Waliingia pamoja, Nasieku mbele. Baba yake alikuwa ameshanawa. Alikuwa amechomoa kisu chake kidogo kiunoni, amekata ubavu mnene kuliko zote, ameushika mkononi bila kuula. Bi Hasna ameketi mkabala, uso unamng'aa kwa furaha, hana habari masikini wa Mungu.

"Ero," Mzee Lekoko alimwita Luqman, kama anavyowaita vijana wa bomani kwake. "Njoo hapa, karibu."

Luqman akasogea, akainamisha kichwa kama Nasieku alivyomfundisha. Mzee akamwekea kiganja juu ya utosi. Nasieku hakuwahi kuona baba yake akimgusa hivyo kijana ambaye si wa ukoo.

"Nilipokuja," mzee akasema, "nilikuja na hapana mdomoni. Nimekaa hapa nimeangalia. Mama yako ana heshima. Wewe ulinipokea ukabeba mzigo wangu mwenyewe, hukumtuma mtu. Kwetu, mzee akikukatia nyama ya kwanza ukaila mbele yake, maneno mengine ni ya baadaye." Akaunyosha mkono wenye ubavu. "Pokea. Ukila wewe, na mimi nitakula."

Mungu wangu! Ile nyama ndiyo iliyokuwa 'ndiyo' ya baba yake. Iko pale, hewani, inachuruzika mafuta. Nasieku alifungua mdomo aseme. Neno halikutoka, ila pumzi. Alimwona Luqman akiitazama ile nyama, kisha akageuka akamtazama yeye, na katika macho yale hakuona tena mzaha wa buchani. Aliona mtu anayeaga. Mkono wa Luqman uliinuka, ukaelekea kwenye ubavu.

Basi, Nasieku akajiambia, anapokea. Amechagua.

Mkono ukashuka mtupu, ukarudi ubavuni kwake.

"Baba, siwezi kupokea," Luqman akasema. "Na nakuomba na wewe usile."

"Luqman!" Bi Hasna akaruka. "Una wazimu?"

"Niache niseme, mama. Baba, hii nyama niliifunga mimi kwa ule utando wa kuhifadhia. Nilichukua usio wake. Umepikwa kwa maziwa. Umeyeyukia humo, hautoki. Nyama hii ina maziwa, baba, na kosa ni langu. Binti yako amegundua sasa hivi, hakuhusika."

Ubavu ulikuwa bado mkononi mwa mzee. Macho yake yakahama kutoka kwa Luqman yakamfikia Nasieku, na Nasieku akawa tena mtoto mwenye mtindi kwenye vidole.

"Entito ai," akasema. Binti yangu. "Ni kweli?"

"Ni kweli, papa. Lakini kosa ni langu kabla ya kuwa lake. Sikuwahi kumwambia mambo yetu. Niliona..." Machozi yakamziba. "Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

Nasieku akajifuta macho kwa kanga.

"Ya ng'ombe?" Mzee Lekoko hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Nasieku zaidi. "Morogoro ulifikaje? Ulitembea? Niliuza nani, ukasoma?"

Akaurudisha ubavu siniani, taratibu, kama mtu anayelaza kitu kilicholala. Akachukua fimbo yake, akainuka, akajitupia shuka begani, akatoka. Wakasikia malapa yake barazani. Wakasikia mlango wa geti ukilia.

Bi Hasna alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Nasieku, njoo hapa." Nasieku akaenda, akapiga magoti, akingoja matusi. "Hivi mimi ni mtu wa kufichwa? Mimi nisiyegusa nguruwe, mimi ninayeuliza kila bucha kisu kimeshikwa na nani, mimi ndiye ningekucheka wewe kwa kujizuia kula? Mwanangu! Ungeniambia tu, ningeosha hata masufuria!"

"Nisamehe, mama."

"Nishakusamehe. Lakini mzee wa watu ameondoka na njaa nyumbani kwangu." Na Bi Hasna, ambaye Nasieku hakuwahi kumwona akilia hata siku ya arobaini ya marehemu mumewe, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Luqman alikuwa ameegemea ukuta, mikono inaning'inia. "Nimekupoteza," akasema. Hakuuliza.

Nasieku alitaka kumwambia hapana. Alitaka kumwambia kwamba hajawahi kumpenda kama alivyompenda dakika ile mkono wake uliporudi chini. Lakini woga ulikuwa umekaa juu ya ulimi. Alijua magari ya kupanda Ngorongoro yanasimama wapi, alijua baba yake hutembea upesi, na alijua neno litakalosemwa kesho bomani. Atanyamaziwa. Safari hii hakuna mvua itakayomaliza.

Akasimama akamwendea Luqman, mbele ya mama yake, akakilaza kichwa kifuani pake. Bi Hasna akageuza uso kutazama dirisha. Wakakaa hivyo.

Geti likalia tena.

Wakaachana kama walioungua. Mzee Lekoko akaingia, mikono imelowa mpaka viwikoni, kisu chake amekisugua kwa majani mpaka kinang'aa. Kumbe alikuwa bombani kwa jirani, ananawa mafuta! Akakichomeka kisu kiunoni, akaketi pale pale alipokuwa ameketi, fimbo magotini.

"Mama Luqman," akasema.

"Abee, mzee wangu."

"Nyama imenikimbia. Sasa sijala nyama leo, bado tumbo langu ni safi. Basi leo ni siku ya maziwa." Akakohoa. "Humu ndani kuna maziwa?"

Bi Hasna akabaki mdomo wazi. "Maziwa? Lakini nimeambiwa huyapendi!"

"Nani? Mimi?"

"Binti yako kanambia! Nimekupa chai ya rangi mchana kutwa, moyo unaniuma!"

Mzee Lekoko akageuka kumtazama Nasieku. Nasieku akatazama sakafu, akaomba ipasuke. Kwanza ilikuja kama kikohozi, kisha mabega yakaanza kutikisika, na mzee akacheka mpaka akalishika shuka lisimdondoke. "Lekoko hapendi maziwa! Nikiwaambia wazee haya, hawatauliza tena kuhusu Waswahili. Watauliza huyu mtoto ni wa nani!"

Bi Hasna alishakimbilia jikoni. Akarudi na chai nzito ya maziwa, ina tangawizi, kwenye kikombe kikubwa cha wageni. Mzee akakipokea kwa mikono miwili. Akakinusa. Hakukipeleka mdomoni.

"Ero," akaita.

Luqman akasogea, akainamisha kichwa. Mzee akamnyoshea kikombe, kama alivyomnyoshea ule ubavu.

"Anza wewe."

Nasieku akashika roho. Haya sasa, pokea, alimsihi kimoyomoyo, pokea basi, mpenzi wangu, yaishe!

Luqman alikitazama kikombe. Kisha akatikisa kichwa, polepole.

"Siwezi, baba," akasema. "Nilionja nyama pale motoni. Kwangu mimi leo ni siku ya nyama."

Mzee Lekoko akamtazama, kikombe kiko palepale hewani. Kisha akakiweka mezani bila kukinywa, akatemea mate kidogo kwenye kiganja chake, kama wazee wa kwao wanavyobariki, akakipaka kiganja kile kwenye paji la uso la Luqman.

"Mama Luqman," akasema, "nitafutie pa kulala. Mimi na huyu tutakunywa kesho."